Mgeni Asiye na Begi

Ben R. Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958, akafariki mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo aliwafanya vijana wengi wa Tanzania wasome mpaka chemli ikaishiwa mafuta. Mpelelezi wake, Joram Kiango, hakuwa mtumishi wa serikali kama Willy Gamba wa Elvis Musiba. Alijitegemea, akafanya kazi kwa akili yake na kwa ukaidi. Vitabu kama Lazima Ufe Joram na Tutarudi na Roho Zetu? vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Wapo wahakiki waliovitazama kwa jicho la kando kwa sababu vinasomwa haraka. Mimi naona wepesi huo wa kusomwa ndio kazi yenyewe, na ni kazi inayofanywa polepole sana. Nataka kuifuata hatua kwa hatua katika aina moja tu ya riwaya, ile ya mzururaji anayeingia mji mdogo na kukuta njama. Mji nitakaoutumia kupimia ni Manyovu, juu milimani, mpakani na Burundi.

Hatua ya kwanza ni kumwingiza mgeni. Mwingereza Lee Child alipopoteza kazi yake katika kituo cha televisheni cha Granada mwaka 1995, alinunua karatasi na penseli, akaketi kuandika kwa mkono riwaya iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la Killing Floor. Shujaa wake, Jack Reacher, ni meja wa zamani wa polisi wa jeshi la Marekani. Hana nyumba wala mzigo. Anashuka kwenye basi na kutembea kwa miguu hadi Margrave, mji wa kubuni katika jimbo la Georgia, kwa sababu moja nyepesi: mpiga gitaa wa zamani, Blind Blake, inasemekana alifia huko. Kabla hajamaliza kula mgahawani, polisi wanamkamata kwa mauaji asiyoyajua. Tazama fundi alivyopima. Sababu ya kuja ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeiamini, na kwa kuwa haiaminiki, kila mtu mjini analazimika kuonyesha anamfikiriaje mgeni.

Mbinu hiyo haiwezi kuhamishiwa Manyovu hivi hivi. Kwetu mtu hashuki stendi bila begi akaachwa apite. Kabla chai yake haijapoa, mama ntilie ameshauliza anatoka wapi, bodaboda ameshamwambia mwenzake, na jioni mwenyekiti wa kitongoji anajua kuna mgeni na amefikia kwa nani. Kuna uhamiaji na forodha. Kuna pia kumbukumbu nzito ya watu waliovuka mpaka huu wakikimbia vita, tangu mwaka 1972 na tena baada ya 1993. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, hivyo lafudhi peke yake haitoshi kumtambulisha mtu ni wa upande gani. Mwandishi wa hapa lazima ampe mzururaji wake shughuli inayoeleweka: awe fundi redio, mchuuzi wa mitumba, au utingo ambaye lori lake limekwama likisubiri karatasi za forodha. Ugumu huo ni neema kwake. Shughuli ya mgeni ndiyo itakayomfungulia milango ya nyumba za watu. Fundi redio ataitwa hadi chumbani kwa mzee ambaye hakaribishi mtu.

Muhammed Said Abdulla aliujua vizuri uzito wa mlango wa aina hiyo. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kabla ya kuingia katika uandishi wa habari alikuwa bwana afya. Kazi ya bwana afya ni kuingia ua wa mtu na kuangalia asichotaka kionekane. Sishangai kwamba mtu huyo ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo heshima na hofu huwazuia watu kupachungulia ovyo. Hii ndiyo hatua ya pili, kuujenga mji, na Abdulla anaujenga kwa kuonyesha mahali ambapo watu hawaendi. Kila mji mdogo una mahali pa namna hiyo, na mwandishi mvumilivu hupatafuta kwanza kabla ya kutafuta muuaji.

Hatua ya tatu ni kasoro, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kila ninaposoma. Katika Margrave kasoro si damu. Ni usafi. Bustani zimekatwa vizuri, kuta zimepakwa rangi, maduka yanang'aa, ila wateja hawaonekani. Kinyozi yupo, hana wa kumnyoa. Child hatuambii kwamba hapo pana jambo. Anamruhusu Reacher anyolewe, alipe, aondoke, na sisi tunapita naye tukidhani tumeona mandhari tu. Baadaye sana tunaelewa kwamba wenye maduka wanalipwa na taasisi ya tajiri mmoja ili wasiulize kitu, na kwamba utajiri huo unatokana na noti bandia: noti za dola moja husafishwa wino, kisha karatasi ile ile halali huchapwa kuwa dola mia. Ile rangi mpya ukutani ilikuwa imeshatueleza mapema.

Ukitaka kasoro ya namna hiyo Manyovu, iangalie kahawa. Tuseme kuna ghala moja lililoko pembeni ya barabara. Msimu wa mavuno wakulima hupanga foleni kwenye mizani, jambo la kawaida. Mwandishi ataandika foleni hiyo vizuri, na vumbi lake, na karani anayelowesha kidole kwa mate kabla ya kufunua daftari. Kisha, kurasa nyingi baadaye, ataeleza mibuni imechanua maua meupe mlima mzima, na katika sentensi nyingine ya mbali kidogo atataja lori linaloshusha magunia kwenye ghala lile lile usiku. Hatasema neno zaidi. Mkulima yeyote wa Manyovu atasimama hapo: magunia ya nini, na mibuni ndiyo kwanza ina maua? Msomaji wa Dar es Salaam huenda akapita asione. Wote wawili watakuwa wametendewa haki, maana ushahidi uliwekwa mezani.

Kuuweka mezani bila kuunyooshea kidole ndiyo sehemu inayohitaji mkono mtulivu kuliko zote. Kidokezi hakiwekwi mwanzoni mwa aya wala mwishoni, kwa sababu jicho hutua huko. Huwekwa katikati ya vitu vingine, kama msumari ndani ya kopo la misumari. Baadaye hurudiwa kupitia mdomo wa mtu mwingine, kwa maneno mengine, ikiwezekana mtu anayelalamikia jambo tofauti kabisa. Abdulla ana Najum, rafiki wa Bwana Msa, ambaye huona karibu kila kitu tunachopaswa kuona na kuuliza yale ambayo sisi tungeuliza, lakini haunganishi. Kwa kumpa Najum macho mazuri na hitimisho baya, mwandishi anatupa ukweli wote bila kutupa jibu.

Kisha wanakuja wenye njama. Mwandishi mvivu huwafanya wote wakatili. Fundi mzuri hukaa na kila mmoja na kumtafutia sababu ya kunyamaza. Karani wa ghala ana ada ya shule ya watoto. Mwenye nyumba ya kulala wageni alikopeshwa mabati. Askari mmoja hajui lolote, anatii tu. Njama ya mji mdogo husimama juu ya watu wa namna hii, kila mmoja amebeba kipande kidogo kisichomlemea. Na hapa mzururaji anatofautiana kabisa na Willy Gamba, ambaye nyuma yake kuna serikali nzima. Mzururaji akipigwa usiku hana wa kumpigia simu. Taharuki inatoka hapo zaidi kuliko kwenye bastola.

Uandishi wenyewe, ule wa kukaa na kuandika, uliwahi kutazamwa na shahidi. Tarehe 1 Septemba 2014, siku ambayo Lee Child alikuwa akianza kitabu kipya kila mwaka, Andy Martin, mhadhiri wa Cambridge, aliketi nyuma yake katika nyumba yake mjini New York akamtazama akianza Make Me, riwaya nyingine ya mzururaji katika mji mdogo wenye siri, uliozungukwa na mashamba ya ngano. Martin alifuatilia kazi hiyo hadi neno la mwisho mwaka uliofuata, akaiandikia kitabu. Child hakuwa na mpango ulioandikwa. Alikunywa kahawa nyingi, akavuta sigara, akaandika sentensi, akaisoma upya, akasogeza neno. Mazungumzo yao yalishuka hadi kwenye alama ya mkato. Mtu aliyekwisha kuuza mamilioni ya vitabu alikuwa anasumbuka na mkato, kwa sababu msomaji akijikwaa hapo ataweka kitabu chini.

Waandishi wetu wa hadithi za magazetini wanaijua hesabu hiyo. Hadithi inayoendelea toleo hadi toleo lazima ikatwe pale ambapo msomaji hawezi kuvumilia, lakini isikatwe kwa ujanja mtupu, maana wiki ijayo atadai alichoahidiwa. Mlango ukigongwa mwisho wa sura, lazima awepo mgongaji, na awe na sababu ya kugonga saa ile.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiswahili wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe: wapeni wanafunzi riwaya za Mtobwa na za Abdulla, wazisome mara ya kwanza kwa raha, kisha mara ya pili wakiwa na penseli, wakipiga mstari kila mahali ambapo jibu lilikuwa limefichwa. Na wewe kijana wa Manyovu mwenye mswada ulioishia sura ya tatu, rudi kwenye sura ya kwanza, hakikisha mgeni wako ana sababu ya kushuka stendi, kisha endelea. Riwaya ya mji wako tunaisubiri.