Usiihukumu Chapati Ingali ya Moto

Chapati ya moto haina mbaya. Ikitoka tu kikaangoni, hata iliyokandwa ovyo huteremka na chai bila malalamiko. Kwa hiyo, uwe unanunua kwa mama lishe wa Rwamishenye, Bukoba, au unajifunza kupika nyumbani kwako Muleba, shika kanuni moja: iache ipoe ndipo utoe hukumu.

Kwanza ujue unahukumu nini. Roti ya kila siku ya majumbani kwa Wahindi hupikwa kwa unga wa ata, yaani ngano iliyosagwa pamoja na maganda yake. Huiva juu ya chuma kikavu, na sifa yake ni kuvimba. Chapati yetu ya kusukuma ni ndugu wa paratha: unga mweupe, mafuta katikati ya tabaka, kisha kikaangoni. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Waganda huviringisha chapati na mayai na kuiita rolex. Hiyo hutakiwa ikunjike bila kukatika, tabaka si hoja. Chapati za maji nazo zina kanuni zake. Usiipime moja kwa sheria za nyingine.

Jicho. Tafuta madoa ya kahawia yaliyotawanyika pande zote mbili. Ikiwa imepauka na kukakamaa, moto ulikuwa mdogo ikakawia kuiva. Ikiwa na madoa meusi huku ndani mbichi, moto ulikuwa mkali. Ukingo mnene kuliko katikati ni dalili ya msukumaji aliyekandamiza katikati tu. Uduara ni pambo, usiupe alama nyingi.

Mkono. Ikunje mara mbili, kisha iachie. Iliyo nzuri hukunjuka bila ufa. Iliyopasuka ilinyimwa maji wakati wa kukanda, au iliachwa motoni mno. Sasa ichane kwa vidole, usitumie kisu. Tabaka ziachane zenyewe, nyembamba, zikichambuka. Zisipoonekana, donge halikupakwa mafuta na kukunjwa kabla ya kusukumwa mara ya mwisho. Vidole vibaki na mng'ao wa mafuta, yasichuruzike.

Ulimi. Chumvi ijulikane ipo bila kujitangaza. Ladha ya unga mbichi haifichwi na mchuzi wala maharage, na mafuta yaliyokwisha kutumika mara nyingi hujulikana kwa harufu kabla hujatafuna.

Kwa anayepika, kila kasoro ina mahali ilipoanzia, na nyingi huanzia kwenye kukanda. Nusu kilo ya unga hunywa takriban mililita 300 za maji ya uvuguvugu, pamoja na kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vitatu vya mafuta. Mimina maji kidogo kidogo, kwa kuwa unga haufanani. Kanda dakika 10 hivi, funika, uache nusu saa. Ngano ina protini ziitwazo gluteni, ambazo hukaza zikikandwa na hulegea zikipumzishwa. Ndiyo maana donge lisilopumzishwa hujirudi kila ukilisukuma. Anayeanza, akiona linanata, hunyunyiza unga mkavu ubaoni tena na tena, na ugumu huingilia hapo. Dawa ni kupaka ubao mafuta kidogo, au kungoja dakika 10 zaidi. Chapati zikiiva, zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi au hotipoti, mvuke wake uzilainishe.

Mimi nikiulizwa, chapati yenye umbo la ramani ya Mkoa wa Kagera inayochambuka ikiwa baridi naiweka juu ya duara kamili linalohitaji kuloweshwa kwenye chai ndipo litafunike. Kila upikapo, tenga moja, ifunike, uionje baada ya saa moja. Itakwambia ukweli ambao wageni wako, kwa adabu, hawatausema.