Mkono Uliochora Bibi na Bwana

Kuna fundi wa mabango pale Ilala ambaye akipewa kazi ya kuchora nembo ya taifa huanza na pembe za ndovu. Haanzi na ngao, wala Mlima Kilimanjaro. Pembe zikikaa vizuri, husema, bibi na bwana wana pa kushika. Zikipinda ovyo, wote wawili wataonekana wanaanguka. Miguuni mwa bwana huweka mkarafuu, miguuni mwa bibi mpamba. Mawimbi ya buluu na nyeupe huyapitisha kwa mkono mmoja usiosita. Akifika kwenye shoka na jembe hukunja uso, kwa sababu mpini ukizidi unene kidogo tu, mkuki unamezwa. Maneno Uhuru na Umoja huyaandika mwisho kabisa, kwa jicho, bila rula. Kisha chini pembeni, kwa herufi za kusomwa na anayetaka, jina lake.

Siku hizi haitwi sana. Ofisi zinachapishiwa mabango ya plastiki, na sote tumeyaona: picha imevutwa ijae nafasi, bibi na bwana wamenenepa ghafla, mwenge umebonyea, na hakuna aliyeshtuka. Vibao vya zamani navyo vilikuwa na vituko vyake, bwana mwenye sura ya diwani, bibi mwenye shingo ya twiga. Lakini walau mtu alikuwa amewatazama.

Nikiyaona mabango hayo humkumbuka Francis Kanyasu, Mzee Ngosha. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilituonesha mzee mgonjwa, akiishi kwa dhiki Buguruni, aliyesema kwamba mkono wake ndio ulioshiriki kuichora nembo hii. Akapelekwa Muhimbili, na Mei mwaka huohuo akafariki dunia. Tulimlilia sana, kwa muda mfupi. Wakajitokeza pia waliosema mchoraji hasa alikuwa mtu mwingine.

Sitaamua ubishi huo. Kinachoniuma ni kwamba uliwezekana. Nembo iko kwenye pasipoti, kwenye hati ya kiwanja, juu ya kiti cha hakimu, kwenye barua inayomtoa mtu jasho kabla hajaifungua. Nusu karne na zaidi baada ya Uhuru, bado tulikuwa tunaulizana ni nani aliyeshika penseli, wakati kibao cha bucha mtaani kwetu kina jina la aliyekichora na namba yake ya simu.

Tena hatukumtafuta mzee yule alipokuwa na nguvu za kukaa kitako na kusimulia. Tulimfikia akiwa hoi. Wale wengine waliochora, wakafuta, wakarudia, kama walikuwepo, hatukuwauliza kabisa, na wa rika lao waliobaki hai ni wachache mno.