Kodi, Pango na Zuio: Uhakiki wa Istilahi za Nyumba ya Kupangisha

Istilahi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wa maana yake na usalama wa matumizi yake. Neno laweza kupendwa na watu wote, na hata hivyo likamtia hasarani yule anayelitegemea siku ya kutia saini. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za jambo lililo dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo, nalo ni wajibu wa kodi wa mwenye nyumba aishiye ng'ambo, ambaye nyumba yake ameipangisha hapa nchini. Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu mwaka 2021, sheria ilipotamka kuwa lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Zamani mfasiri aliyeteleza aliokolewa na maandishi ya Kiingereza yaliyosimama nyuma yake. Sasa neno la Kiswahili lenyewe ndilo linalotarajiwa kubeba haki na wajibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzaliwa wa Bungu, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, anafanya kazi Muscat kwa mwaka wa sita. Kijijini kwao ana nyumba iliyopangwa na mwalimu. Korogwe mjini ana nyumba ya pili, yenye hati, iliyopangwa na kampuni. Ndugu yake aliyemwachia usimamizi anamwandikia: "Kaka, kodi ya pango imelipwa." Je, kaka huyo amearifiwa nini? Yawezekana kampuni imelipa fedha za kukaa nyumbani mwake. Yawezekana pia kampuni imewasilisha kwa Mamlaka ya Mapato sehemu iliyokatwa katika fedha hizo. Tena yawezekana ndugu amelipa serikalini malipo ya mwaka ya ardhi, ambayo ofisi zetu huyaita kodi ya pango la ardhi. Hayo ni malipo matatu, na kila moja lina mlipaji wake, mpokeaji wake na madhara yake lisipolipwa. Lugha imeyavika vazi moja.

Chanzo cha utata huu ni neno kodi. Kamusi zetu hulitambua kwa maana mbili: malipo ya mpangaji kwa mwenye mali, na malipo ya raia kwa serikali. Maana ya pili ina historia ndefu na chungu. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya vibanda mwaka 1897. Waingereza wakaendelea na kodi ya kichwa. Na kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliilipa, ilifutwa mwaka 2003. Kwa hiyo mwananchi asikiapo kodi huiona serikali. Lakini mwananchi huyo huyo, mwisho wa mwezi, humwambia mwenye nyumba kwamba kodi bado haijapatikana. Nyumbani hakuna anayepotea, kwa kuwa wazungumzaji wanajuana. Katika mkataba, katika fomu na katika barua ya kiofisi, wahenga walikwisha sema: fahali wawili hawakai zizi moja.

Ushahidi ulionekana wazi mwaka 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kwa njia ya mita za umeme za LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. (Viwango hivyo viliongezwa mwaka 2023.) Wajibu wa kodi hiyo ni wa mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Ikampasa basi mpangaji amwombe mwenye nyumba amrudishie alichokwisha kumlipia. Ombi hilo, likisemwa kwa lugha ya kila siku, huwa hivi: "Naomba unipunguzie kodi kwenye kodi." Mwenye nyumba aliyeko ng'ambo, asiyeijua habari ya LUKU, atadhani mpangaji wake anatafuta nafuu. Sentensi ikiandikwa "Naomba kodi ya majengo niliyokulipia ipunguzwe kwenye pango," ugomvi hauna pa kuanzia. Tofauti ni neno moja tu.

Wako wanaoona kuwa dawa ni kuwafuata jirani zetu wa Kenya, ambako ushuru ndilo neno la malipo ya serikali na kodi hubaki kwa mwenye nyumba. Rai hiyo ina mantiki, ila kwetu haifai. Hapa Tanzania ushuru umeshapewa kazi yake maalumu: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa soko. Kuuhamisha ni kuziba tundu moja kwa kutoboa jingine.

Wengine wanalikataa neno pango kwa sababu lina maana ya shimo la mwambani. Hoja hiyo ni nyepesi. Maneno yenye umbo moja hayadhuru iwapo maana zake hazikutani. Hata kwenye milima ya Usambara, hakuna hakimu atakayesoma "pango la miezi sita" akafikiria popo. Kodi na kodi, kinyume chake, hukutana ndani ya mlango mmoja, mara nyingine ndani ya risiti moja.

Kuhusu kodi ya pango la ardhi, istilahi hii inabeba mzigo mara mbili. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Malipo ya mwaka ya mwenye hati ni pango hasa, ila mpokeaji ni serikali. Pango la ardhi latosha. Neno kodi halina la kuongeza hapo ila wasiwasi.

Istilahi ya pili inayohitaji kuangaliwa ni mkazi. Kwa maana ya kawaida mkazi ni mtu akaaye mahali. Zanzibar, katika umbo la mkaazi, neno hili limeandikwa hata kwenye vitambulisho. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina mkazi wake mwingine. Kwa mfano, mtu aliyekuwamo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato ni mkazi, hata akiwa raia wa nchi nyingine. Na mtumishi wa serikali aliyetumwa ng'ambo huhesabiwa mkazi ingawa analala ugenini. Mzaliwa wetu wa Bungu, mwenye pasi ya Tanzania, aweza kuwa si mkazi. Akiambiwa hivyo kwa neno tupu, atadhani amevuliwa uraia, au atadhani kwamba asiye mkazi hadaiwi. Dhana hiyo ya pili ndiyo ya hatari, kwani asiye mkazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo nchini, na pango la nyumba iliyoko Korogwe chanzo chake ni Korogwe. Inafaa isemwe mkazi wa kikodi, na kinyume chake asiye mkazi wa kikodi. Neno limerefuka kidogo, lakini mtu hatashtuka bure wala hatajisahau.

La tatu ni zuio. Kodi ya zuio ni ile anayoikata mlipaji kabla ya kumkabidhi mwenye haki fedha zake. Kwa pango analolipwa mkazi, kiwango ni asilimia 10. Istilahi hii imeundwa vizuri kutokana na kitenzi zuia, nayo imeenea. Kasoro ni kwamba mahakama nazo zina zuio lao, la kumkataza mtu asitende jambo. Barua isemayo "pango lako limewekewa zuio" yaweza kumpeleka mtu kwa wakili asiyemhitaji. Hatupendekezi kulifuta neno lililokwisha kukubalika. Twapendekeza lisiachwe peke yake. Iandikwe kodi ya zuio kwa ukamilifu, na tendo lake liwe kukata na kuwasilisha.

Kwa muhtasari, twatoa rai kwamba katika maandishi rasmi kodi iwe ya serikali tu. Pango liwe malipo ya mpangaji kwa mwenye mali, na pango la ardhi malipo ya mwenye hati kwa serikali. "Kodi ya pango" isitumike bila maelezo, bali iandikwe kodi ya mapato ya pango. Na ukazi wa kikodi utengwe na ukazi wa kawaida. Hatumkatazi mtu kusema kodi ya nyumba barazani. Walimu wa Kiswahili waweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi mkataba wa upangaji wausome na kuuliza, kwa kila malipo, nani analipa na nani anapokea. Watumishi wa ofisi waulize hivyo hivyo kabla ya kupiga muhuri. Palipo na malipo yasiyojibu maswali hayo mawili, kosa si la msomaji; ni la aliyeandika.