Pini 16 za Raspberry Pi 5

Kwenye ukingo mfupi wa bodi ya Raspberry Pi 5, ule usio na matundu ya USB, kuna soketi nyembamba ya pini 16. Mtu anaweza kumiliki bodi hiyo miaka mingi bila kuigusa. Kompyuta inawaka bila hiyo, kwa kadi ya microSD iliyochomekwa chini ya bodi, na kwa kazi za kujifunzia inatosha. Soketi hiyo ni mlango wa PCIe, njia ile ile ambayo kompyuta kubwa hutumia kuwasiliana na diski zake za kasi. Kuifikisha njia hiyo kwenye SSD bila kuijeruhi ni ufundi, tena ufundi wa vidole kabla haujawa wa programu, nami nauheshimu sana.

Njia hiyo haikupatikana kirahisi. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa nayo, ila yote ilichukuliwa na chipu iliyohudumia matundu ya USB 3. Wapo waliothubutu kuing'oa chipu hiyo na kuunga nyaya nyembamba mahali ilipokuwa, waone tu kama kifaa kingine cha PCIe kitaitika. Kiliitika. Compute Module 4 ya mwaka 2020 ikaiacha njia wazi, na mwaka 2023 Pi 5 ikaileta kwenye bodi ya kawaida. Kibebeo rasmi cha SSD, M.2 HAT+, kilifuata Mei 2024 kwa dola 12.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo? Shida ya kadi ya microSD haiko kwenye ujazo. Ukiisomesha faili moja ndefu kwenye Pi 5, kadi nzuri hufika karibu megabaiti 90 kwa sekunde, na hiyo si aibu. Lakini mfumo endeshi hausomi hivyo. Unachukua kipande kidogo hapa, kingine kule, unaandika mstari mmoja, unarudi kusoma. Kadi yenye alama ya A1 huahidi walau usomaji wa namna hiyo mara 1500 kwa sekunde na uandishi mara 500. Ya A2 huahidi mara 4000 na 2000. SSD ya NVMe, yaani inayopita njia ya PCIe, hata ya bei nafuu, hufanya makumi ya maelfu. Hapo ndipo ule uzito wa kufungua programu unapoondoka, na hifadhidata inapoacha kusuasua watumiaji wanapoongezeka.

Nilipata kukaa kando ya fundi mmoja Dar es Salaam akiandaa seva ya maktaba ya shule isiyo na intaneti: Wikipedia nzima na vitabu vya masomo, wanafunzi wavisome kwa Wi-Fi ya humo humo. Kwanza aliichunguza SSD yenyewe. Namba 2230 na 2242 zinazoandikwa kwenye diski hizi ni vipimo tu: upana milimita 22, urefu milimita 30 au 42, na M.2 HAT+ inapokea hizo mbili. Kisha akaigeuza atazame meno yake ya shaba. Pengo moja ni dalili njema. Mapengo mawili humfanya fundi asite, kwa sababu diski nyingi za SATA, zisizotumia PCIe, zina umbo hilo, nazo huingia kwenye soketi vizuri kabisa, skrubu ikakaza, kisha zisionekane kamwe. Wauzaji wengi huziweka kwenye kabati moja na za NVMe. Maandishi ya lebo ndiyo yanayoamua.

Kipoza joto chenye feni hufungwa mapema, maana kibebeo kikishakaa juu hakifikiki tena. Zikafuata nguzo nne ndogo za kuinua kibebeo, halafu utepe wa kebo. Hapa fundi alipunguza mwendo. Kishikizo cha soketi ni chembamba kama ukucha wa mtoto, na hakivutwi upande mmoja; alikiinua kwa kucha mbili, kulia na kushoto kwa pamoja, hadi kilipolegea. Utepe ukaingia mgusano wake wa shaba ukiwa umeelekea ndani, upande wa matundu ya USB. Kabla ya kufunga aliinama hadi macho yake yakawa sawa na bodi, atazame kama ukingo wa utepe umelala sambamba na soketi. Ulikuwa umepinda kidogo mno, mimi sikuuona. Akautoa, akaurudisha, ndipo akabonyeza kishikizo pande zote mbili.

Ukali huo una sababu. Ndani ya utepe data husafiri katika jozi za nyaya, jozi moja ya kutuma na moja ya kupokea, mara bilioni 5 kwa sekunde. Katika kila biti 10 zinazopita, 8 tu ndizo data. Nyingine ni za kuiweka ishara sawa. Ndiyo maana kikomo cha njia ni megabaiti 500 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mgusano uliokaa nusu hauleti kosa la wazi. Diski itaonekana leo, kesho itatoweka katikati ya kunakili faili, na lawama itabebeshwa diski.

SSD yenyewe iliingia kwa kuinamishwa, ikalazwa, ikafungwa kwa skrubu moja. Chaja aliyotumia ni ya ampea 5, na hakutaka kusikia habari ya chaja ya simu.

Iliyobaki ni kuifundisha bodi ianzie wapi. Mpangilio wa kuwaka unakaa kwenye chipu ndogo ya EEPROM, nao huandikwa 0xf416 na kusomwa kutoka kulia: 6 ni NVMe, 1 ni kadi ya SD, 4 ni USB, na f ni kurudia mzunguko upya. Napenda sana mpangilio huu. SSD ikigoma siku moja, mwalimu anaweza kuchomeka kadi na shule ikaendelea.

Kuna mstari mwingine mmoja, dtparam=pciex1_gen=3, unaopandisha njia hadi kizazi cha 3 na kukaribia kuongeza kasi maradufu. Fundi aliujaribu mbele yangu, na diski ikaruka kutoka megabaiti 400 na kitu hadi zaidi ya 800. Kisha akaufuta. Pi 5 haikuidhinishwa kwa mwendo huo. Ikikubali ni kwa hisani ya utepe na diski uliyonayo. Isitoshe, tundu la mtandao la bodi hii ni la gigabiti 1, yaani megabaiti 125 kwa sekunde ukikosa hasara yoyote, na Wi-Fi yake iko chini ya hapo. Hata kwa mwendo wa kawaida, diski ilikuwa tayari inatoa mara tatu ya kile ambacho wanafunzi wangeweza kupokea.