Kifumbu cha Pumzi

Nilimkuta Mzee, mwalimu wangu, sebuleni na fulana na kikoi, miwani imemshuka puani, kile kisanduku cheusi cha Akai kikiwa juu ya stuli mbali na feni. EWI yenyewe, filimbi ya umeme ya urefu wa mkono, alikuwa ameilaza pajani. Alikuwa akiichokonoa sauti ambayo mimi niliihesabu kuwa haiguswi: sauti ya 12, aliyoitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 90 aliporudi kutoka Dubai, alikokuwa akipiga katika bendi ya hoteli. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuibadilisha hata tarakimu moja.

"Shikamoo, Mzee. Waivunja?"

"Marahaba, mwanangu. Siivunji. Yanishinda kuifungua."

Sikumwelewa mara moja. Ana miaka 70 na ushei, na kifua chake tangu msimu wa kusi uliopita si kile cha zamani. Nilidhani anazungumzia macho, au vile vitufe vidogo. Kumbe alikuwa anazungumzia pumzi.

Wengi wamewahi kusikia ala ya jamii hii bila kujua. Aliyewahi kucheza "Billie Jean" ya Michael Jackson harusini amemsikia Tom Scott akipuliza Lyricon, ala aliyoibuni Bill Bernardi huko Massachusetts katika miaka ya 70, na ambayo kampuni yake haikudumu. Upande wa pili wa Marekani, kule Utah, mpiga tarumbeta aitwaye Nyle Steiner alikuwa akijitengenezea yake kwa mikono, na hiyo ndiyo Akai waliyoichukua na kuanza kuiuza mwaka 1987. Mwaka huohuo Michael Brecker alitoa albamu yenye jina lake, na wimbo wa "Original Rays" ukawapa wapuliza saksafoni wa dunia nzima sababu ya kukosa usingizi. Mzee aliupata kwenye kanda iliyorekodiwa juu ya kanda nyingine. EWI yenyewe aliinunua kwa Mfilipino mwenzake wa hotelini aliyekuwa akirudi kwao, kwa mshahara wa miezi ambayo mkewe mpaka leo huihesabu kwa sauti mgeni akiwepo.

Akaja nayo Mombasa. Hakuwa na mwalimu wala kitabu, maana Mfilipino alikuwa amekipoteza. Alijifunza kwa kugusa na kusikiliza, usiku, watoto wakiwa wamelala, akiwa amevaa visikilizio. Anasema ilimchukua karibu mwaka kupata sauti moja ambayo hakuionea haya.

Mimi nilimwendea nikiwa na kiburi cha mtu aliyepiga kinanda kanisani. Nilijua kuchagua sauti. Namba 40 ni fidla, namba 56 ni tarumbeta, bonyeza, piga. Siku ya kwanza alinipa ala, akafuta kila kitu katika nafasi moja tupu, akasema nitengeneze sauti yoyote niipendayo. Nikaongeza hiki na kile. Nikapuliza. Ikatoka kama redio ambayo mtu anaipandisha na kuishusha.

"Wapuliza kama azimaye koroboi," akasema. "Na hiyo pumzi umeipeleka wapi?"

Swali hilo lilinikaa miezi. Pumzi umeipeleka wapi. Katika kinanda, kidole kikishagusa kazi imekwisha. Sauti itaishi na kufa kama ilivyopangwa. Katika ala ya kupuliza, kila nukta ya uhai wa sauti inasubiri kifua chako, na mashine haijui pumzi ni kitu gani mpaka uiambie iende wapi. Mimi nilikuwa nimeipeleka yote kwenye ukubwa wa sauti. Kosa la kila anayeanza, na la wengi wasioanza tena.

Akaenda jikoni akarudi na kifumbu.

Sijui kama vijana wa sasa wanakijua, maana tui siku hizi hutoka kwenye boksi. Kilikuwa kifumbu cha mama yake, kimesukwa kwa ukindu, kimekolea rangi ya chai kwa miaka ya nazi. Akakiweka juu ya kile kisanduku. Osileta, akasema, ni nazi iliyokunwa. Chagua wimbi la meno ya msumeno, ndilo lenye kila kitu ndani, tui na chicha pamoja. Ukiliacha hivyo litakuchoma masikio. Filta ndiyo kifumbu: inazuia sauti kali za juu na kuachia za chini. Lakini kifumbu kikining'inia msumarini hakikamui nazi. Mkono ndio unaokamua, na mkono wako hapa ni pumzi. Mkono mlegevu hutoa maji meupe tu. Ukikaza, tui linakuwa zito.

Basi tukaanza upya. Ukubwa wa sauti tukaufungua mapema, kwa pumzi ndogo tu, usiwe na mengi ya kusema. Pumzi iliyobaki yote tukaielekeza kwenye filta. Nikapuliza polepole, na kwa mara ya kwanza sauti haikuongezeka tu, iling'aa. Ilianza kama mtu anayeguna usingizini ikafunguka mpaka ikawa shaba. Hivyo ndivyo tarumbeta ifanyavyo, na hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya kivuko: hapazi sauti tu, anaifungua.

Mengine yalikuja kwa kuchelewa. Osileta ya pili aliitaka ipotoke kidogo, senti nne au tano tu, kama fidla mbili za taarab ambazo zimepatana lakini hazijawa moja. Rezonansi alikuwa bahili nayo, maana ukiizidisha sauti huanza kupiga mluzi puani. Meno nayo yana kazi: unang'ata mdomo wa ala kidogo na kuachia, sauti inatetema, na lazima upange itetemeke kiasi gani kwa kinywa chako wewe. Vidole vikavu mno vitufe havivisikii, maana havibonyezwi, vinaguswa tu, na atakayepumzisha kidole pasipo pake atapata noti asiyoitaka. Pumzi haina njia pana ya kutokea, kwa hiyo uiachie pembeni mwa midomo, la sivyo utavimba kama bunju. Na kabla ya yote hayo, nusu saa ya kuiacha mashine ipate joto, kwa sababu saketi za analogi zikiwa baridi huyumba, na upepo wa feni huziyumbisha tena. Stima ikipotea katikati, mnangoja, kisha mnahesabu nusu saa upya. Nusu saa hiyo tulikuwa tukinywa kahawa. Nadhani nilijifunza zaidi humo kuliko penginepo.

Leo kijana akitaka sauti ya ala hii anaipata kwenye simu. Ziko ala mpya zenye mamia ya sauti tayari, sinthesaiza yake ni hesabu za kompyuta, haingoji joto, na ukitaka sauti inayofanana na ya Brecker utauziwa. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na ule wepesi wa kidole kupita kwenye orodha: hii mbaya, hii mbaya, hii afadhali, basi. Nimekaa kwenye harusi nikasikiliza saksafoni ya kinanda ikipiga wimbo mzima bila kuvuta pumzi hata mara moja, nami nikajikuta nimebana yangu. Hakuna aliyegeuka. Wapiga zumari wa pwani hii walichonga ulimi wa ala zao mpaka uufuate mdomo wa mwenyewe, na hakuna aliyeazima wa mwenzake. Sasa tunaazima na pafu.

Niliwahi kumwomba Mzee ninakili tarakimu za sauti ya 12. Alikataa. Alisema kunakili sauti ya mtu ni sawa na kuvaa meno yake ya bandia. Nikacheka, nikatii, na nikadhani ninayo miaka mingi ya kumbembeleza.

Jumamosi ile nilipomkuta akiichokonoa sauti ya 12, nikakaa kando yake nikamtazama akifanya kazi. Alikuwa anaishusha filta ije imkute alipo. Anapuliza, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaongeza kiwango cha kuisikiliza pumzi kwa hatua moja, anapuliza tena. Sauti iliyotengenezwa na kifua cha miaka 40 ilikuwa imefunga mlango, naye alikuwa akitafuta kitasa chini zaidi. Mwishowe akapuliza pumzi isiyoweza kuzima hata koroboi, na ile sauti ikafunguka yote, ikang'aa, ikasimama hapo katikati ya chumba.

Akanipa ala. "Hebu."

Nikapuliza kama nilivyozoea. Ikalipuka kama honi ya lori, wazi tangu mwanzo, hakuna palipobaki pa kwenda. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji.

Alipotulia nikamuuliza kama ile ya zamani ameiweka nafasi nyingine, hata kwa muda. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni niipige picha.

Alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Nikamfungulia feni, akaanza kuikunja waya.