Yaliyotangulia Tonge

Katika Jiji la Mexico, asubuhi hutangazwa na mvuke. Kwenye milango ya vituo vya Metro, ofisi zikiwa bado zimefungwa, wauzaji wamekwisha kusimamisha masufuria marefu ya bati yaliyojaa tamale: donge la unga wa mahindi lililopigwa na mafuta ya nguruwe, likatiwa nyama au pilipili katikati, likafungwa kwa ganda la hindi na kuivishwa kwa mvuke. Mfanyakazi mwenye haraka huomba tamale yake ipachikwe ndani ya mkate, hupokea kikombe cha atole, uji mzito wa mahindi, kisha huteremka ngazi kuwahi treni huku akitafuna. Mahali kama hapa ndipo mwongoza wageni anayeijua kazi yake hupenda kuwakutanisha watu wake, mapema, kabla mtaa haujachoka.

Kazi yake huonekana nyepesi. Saa tatu au nne za kutembea, vituo sita hivi, hadithi mbili tatu, na kila mtu aondoke ameshiba. Lakini watu wawili wanaweza kupita mtaa uleule na kula kwenye vibanda vilevile, mmoja akarudi na tumbo lililojaa tu, mwenzake akarudi ameuelewa mtaa. Chakula cha barabarani cha Mexico kimejificha ndani ya wepesi wake. Taco, mkate mwembamba wa mahindi wenye kitoweo ndani, hukunjwa kwa sekunde chache na huliwa kwa matonge manne, na muda wote huo mlaji haioni kazi ya usiku kucha iliyotangulia: aliyechemsha mahindi, aliyechimba shimo la moto, aliyesafiri alfajiri na kapu nyuma ya baiskeli. Ufundi wa mwongoza wageni ni kuzifukua saa hizo na kuziweka mbele ya mlaji kabla hajafungua kinywa.

Basi hodari wao huanzia mahali pasipo na chakula cha kupiga picha: mashine ya kusaga ya mtaa. Hapo huletwa ndoo za nixtamal. Jioni iliyopita mahindi makavu yalitiwa kwenye maji yaliyokorogewa chokaa, yakachemshwa kidogo, moto ukazimwa, yakaachwa yalale humo. Kufika asubuhi chokaa imelegeza ganda la kila punje, na maji yamegeuka manjano na kunata. Mahindi huoshwa, ganda huondoka, punje huingia kati ya mawe mawili ya volkano, na chini hutoka masa, donge laini lenye unyevu. Mgeni akipewa kipande akinuse, hupata harufu ya ardhi iliyoloweshwa na mvua, harufu ambayo mahindi yaliyosagwa makavu hayana.

Mtu aliyekulia karibu na kinu na mchi atauelewa mchakato huu upesi. Mahindi yanahitaji kukobolewa; kwingine hukobolewa kwa nguvu za mikono, hapa hukobolewa kwa chokaa na subira. Lakini chokaa hufanya zaidi ya hilo. Hulifanya donge lishikane, ndiyo maana tortila, mkate ule mwembamba wa taco, haipasuki ikikunjwa. Tena huifungua vitamini ya niasini, ambayo katika mahindi makavu imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuipata.

Dunia ililipa gharama kubwa kwa kuchukua mahindi na kuuacha ufundi wake. Mmea ulivuka Atlantiki na kuenea Ulaya. Pwani ya Afrika Mashariki nako ulifika, ukawa baadaye ugali wa mamilioni. Maarifa ya chokaa hayakupanda meli. Kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi karibu peke yake walishikwa na pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, unaoharisha na kuvuruga akili. Daktari Joseph Goldberger alitumia miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 kuonyesha kwamba chanzo kilikuwa chakula, wala haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1937 mwanabiokemia Conrad Elvehjem akabaini kwamba niasini huitibu pelagra. Wapishi wa Mexico na Amerika ya Kati walikuwa wamekwisha kuishi na jibu hilo kwa zaidi ya miaka 3,000. Mwongoza wageni anayesimulia haya mbele ya mashine ya kusaga, mama mmoja akisubiri ndoo yake, amefanya kazi kubwa kuliko kuonyesha kibanda kitamu.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba si tortila zote za jiji zina historia hii ndani yake. Kampuni ya Gruma, iliyoanza mwaka 1949 kaskazini mwa nchi, ilieneza unga wa masa uliokaushwa, wa kuongezewa maji tu. Unga huo umewapunguzia wengi mzigo, na hakuna haki ya kumlaumu anayeutumia. Lakini ladha imepungua. Mwongoza wageni mkweli huwapa watu wake tortila mbili, moja ya unga wa mfuko na nyingine ya nixtamal ya leo, bila chumvi, na kunyamaza. Ile ya pili hufura kama puto ikiwa juu ya bamba, na mgeni hahitaji kuambiwa tena.

Kutoka hapo huwa rahisi kusimama mbele ya mwanamke anayeuza tlacoyo na kuona anachofanya. Mbele yake kuna bamba la moto na beseni la masa ya buluu, rangi ya mahindi yenyewe. Huchota donge, hulitia maharage yaliyopondwa, hulifunga, hulipapasa kwa viganja hadi liwe na umbo la mtumbwi, hulilaza juu ya moto bila mafuta. Juu huweka vipande vya mpungate uliopikwa, jibini na pilipili. Hatazami viganja vyake. Macho yake yako kwa wateja.

Jiji hili lina faida moja ambayo miji mingi haina: karibu kila jimbo limeleta mtu wake na sufuria yake. Mfano unaostahili kusimamiwa kwa muda ni taco za kapuni. Nyingi zina uhusiano na kijiji cha San Vicente Xiloxochitla, jimbo la Tlaxcala, ambako familia kwa familia zinaishi kwa kazi hii. Tortila ndogo hujazwa maharage, viazi, au ngozi ya nguruwe iliyopikwa na pilipili, hupangwa safu kwa safu ndani ya kapu lililotandikwa nguo na plastiki, humwagiwa mafuta ya moto yenye vitunguu, kisha kapu hufunikwa gubigubi. Safari ya kuja mjini ndiyo jiko lake la pili. Njiani taco hutoka jasho, hulainika, huungana ladha, na zikifika kwenye kona ya barabara nyuma ya baiskeli, bado ni moto. Hakuna mkaa, hakuna gesi, hakuna bamba. Kuna kapu, na hesabu sahihi ya muda. Miongoni mwa vyakula vyote vya barabara hii, hiki ndicho chenye akili nyingi kuliko vyote, na ndicho cha bei nafuu kuliko karibu vyote.

Jimbo la Hidalgo huleta barbacoa, hasa mwisho wa juma. Kondoo huwekwa kwenye shimo la mawe yaliyopashwa moto, hufunikwa kwa majani ya maguey, huachwa usiku kucha, na chini yake hutangulizwa chungu cha kukinga mchuzi unaodondoka. Maguey ni wa jamii moja na mkonge, ule ambao mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliupeleka Tanga mwaka 1893 na ambao asili yake ni Yucatán. Mtanzania akiona majani yale marefu yenye miiba yamekaushwa kwa moto na kunukia utamu, ataujua ukoo.

Yucatán nayo ina shimo lake, liitwalo pib, na nguruwe wake, cochinita. Nyama hulowekwa katika maji ya danzi na rojo jekundu la mbegu za bixa, mti unaolimwa pia na wakulima wa Kwale, kisha hufungwa kwa majani ya migomba. Pale Mérida huliwa Jumapili asubuhi, na vitunguu vilivyochachushwa, na pilipili ya habanero ambayo mwongoza wageni humwonyesha mgeni kwa heshima.

Wako wanaosema chakula cha jimbo kiliwe jimboni, na wana hoja. Katika soko la 20 de Noviembre, mji wa Oaxaca, kuna ujia uliojaa moshi ambamo mteja huchagua nyama mbichi kwenye meza, ikachomwa mkaani mbele yake, ikaletwa na vitunguu na pilipili nzima. Nje wanakaa wauza panzi wa kukaanga kwa ndimu na chumvi. Wanawake huuza tejate, kinywaji baridi cha mahindi, kakao, kokwa la tunda la mamey na ua lenye harufu kali, kilichokorogwa kwa mkono hadi povu jeupe lisimame juu. Si mbali na mji huo, katika pango la Guilá Naquitz, yalipatikana magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Hakuna kibanda cha mji mkuu kinachoweza kumpa mgeni ukaribu huo.

Ufundi wa kuongoza una upande wa vitendo pia, na mwanafunzi wake huujifunza polepole. Kituo cha kwanza kisishibishe. Cha kukaangwa kisifuate cha kukaangwa. Mgeni afundishwe kuonja pilipili kwa tone juu ya kiganja, kwani mchuzi wa kijani ulio mpole kibanda hiki ni mkali kibanda kile. Afundishwe kuinama mbele na kutoa kiwiko nje, ili mafuta yadondoke kwenye sahani ya plastiki iliyovikwa mfuko, yasidondoke kwenye shati. Na kundi lisizibe njia: mteja wa kila siku, mwenye dakika kumi za mapumziko, ndiye mwenye kibanda kabla ya mtalii. Mwongoza wageni anayelisahau hilo huharibu kile alichokuja kukisifu.

Heshima hiyo haiji yenyewe. Mwaka 2022 utawala wa wilaya ya Cuauhtémoc, katikati ya jiji, uliamuru vibanda vifutiwe michoro na maandishi yaliyopakwa kwa mkono, vibaki na rangi moja na nembo ya wilaya. Taco zilizocheka, mikate ya torta yenye mabawa, majina ya wenye vibanda, vyote vikapakwa rangi. Wachoraji na wakazi walilalamika kwa nguvu, na walikuwa na haki: mkono ulioandika jina ni sehemu ya ufundi uleule. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, kibanda cha El Califa de León, mtaa wa San Rafael, kilichofunguliwa mwaka 1968 na chenye aina chache tu za taco, kilipewa nyota ya Michelin. Foleni ikarefuka. Ni furaha kuona mpishi wa bamba akipewa sifa, ila mtaa una mamia ya mabamba, na mwongoza wageni mzuri hupita nyota hiyo, huielezea, kisha huwapeleka watu wake pasipo foleni.

Jioni ni ya trompo. Nyama ya nguruwe iliyopakwa pilipili na bixa husimamishwa kwenye chuma mbele ya moto, tabaka juu ya tabaka, na nanasi juu. Ni mjukuu wa shawarma: wahamiaji kutoka Lebanoni na Iraki waliileta Puebla, ambako kufikia miaka ya 1930 iliuzwa ndani ya mkate bapa, na baadaye mji mkuu ukaiweka ndani ya tortila na kuiita al pastor. Mkataji huteremsha kisu, vipande vyembamba huanguka kwenye tortila iliyo kiganjani, kisha huchomoa kipande cha nanasi juu kabisa na kukidaka chini.

Katika vibanda vingi vya namna hii mtu hula kwanza, hulipa baadaye, na hakuna anayeandika. Mteja mwenyewe husema amekula ngapi. Mgeni hushtuka, hugeuka kumwangalia mwongoza wageni, naye hajibu kwa niaba yake. Humwacha ahesabu kwa vidole na aseme mwenyewe, kwa Kihispania chake kibovu, tatu za pastor na moja ya nyama ya suadero. Na mpokea fedha humrudishia chenji bila kuuliza.