Wati, Sauti na Sifa: Uhakiki wa Maoni ya Wenye Mashine za Muziki

Maoni ya mwenye mali juu ya mali yake ni uhakiki pia, ijapokuwa aghalabu hayaandikwi katika majarida ya wataalamu. Mtu asemaye kwamba mashine yake inalia vizuri amekwisha kusikiliza, amelinganisha na ametoa hukumu. Na hukumu hiyo husikilizwa na jirani anayekusudia kununua. Basi yafaa maneno ya hukumu za namna hii yachunguzwe kama yachunguzwavyo maneno ya washairi: yasema nini, yaficha nini, na yamwacha msikilizaji na maarifa gani. Mashine inayohusika hapa ni ile ya gharama kubwa, ikaayo katikati ya televisheni na spika nyingi za nyumbani, ikapokea sauti ya filamu na kuigawa ili msikilizaji aisikie mbele, ubavuni na nyuma yake.

Mahali panapofaa kuyatazama mambo haya ni Mwigobero, kata ya mji wa Musoma katika Mkoa wa Mara, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ni mahali pa mwalo na pa biashara, ambapo Wajita, Wakwaya, Waruri, Wakurya, Wajaluo na wageni wa mbali hukutana, na lugha ya kununulia na kuuzia ni Kiswahili. Mjita anapomwuliza Mjaluo juu ya sauti ya mashine hana budi kutumia maneno ambayo wote wawili wanayo. Kwa hiyo neno lisilo wazi hapo si kasoro ya mtindo tu. Ni hasara ya fedha, maana bei ya mashine ya daraja hilo huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi.

Kwanza yatazamwe majina. Katika usemi wa kila siku wa Tanzania, redio si chombo cha kupokelea matangazo pekee. Ni jina la mtambo wowote wa muziki nyumbani. Muziki wenyewe umekuwa jina la mashine: mtu husema kuwa amenunua muziki, au kwamba mafundi wanafunga muziki ukumbini. Sabufa, ambayo kwa asili ni spika moja ya kutolea sauti nene, imekuwa jina la seti nzima ya bei nafuu pamoja na spika zake ndogo. Sehemu imelipa zima jina, na zima limelipa sehemu jina. Hili si kosa la kulaumiwa. Neno chombo limefanya kazi kama hiyo kwa muda mrefu: kwa watu wa mwaloni ni mashua, kwa mpiga muziki ni ala, jikoni ni sufuria. Lakini katika hukumu ya sauti mchanganyiko huu una madhara. Mtu akisema, "Redio hii ina sauti mbaya," haijulikani kama analaumu mashine, spika, au kituo cha matangazo.

Majina ya kitaalamu nayo hayakutibu ugonjwa huu. Kipaza sauti hutumika kwa kile kinachopokea sauti kinywani mwa msemaji, na pia kwa kile kinachoitoa sauti hiyo kwa wasikilizaji. Vitu viwili vyenye kazi kinyume vimepewa jina moja. Kipokezi ni tafsiri sahihi ya jina la kigeni la mashine hii, lakini yasema sehemu ndogo ya kazi yake, kwa kuwa kupokea ni mwanzo tu: mashine huchambua, hugawa, hukuza na kupeleka. Sauti ya mzunguko nayo yapotosha, kwani sauti haizunguki kama gurudumu. Humjia msikilizaji kutoka pande mbalimbali. Sauti ya pande zote ingekuwa karibu zaidi na ukweli, na mtu asiyejua mashine angeielewa mara moja. Linganisha na king'amuzi, neno lililoenea wakati Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012. Limetokana na kitenzi ambacho kila Mswahili anakijua, nalo lasema kazi ya chombo kwa usahihi. Halikuhitaji maelezo marefu, na soko lililipokea.

Baada ya majina huja hukumu, na hapo ndipo kosa la kwanza la wenye mashine huonekana. Sifa iliyo mbele ya sifa zote ni kupiga. Mashine nzuri ni ile inayopiga, inayodunda, inayotikisa madirisha. Na uthibitisho wake ni hesabu ya wati iliyoandikwa juu ya boksi. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mara nyingi si ya kweli. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230, na fyuzi kubwa ya plagi ya kawaida ya pini tatu ni ya ampia 13. Vikizidishwa hupatikana wati 2,990. Basi sanduku lenye plagi moja ya namna hiyo, hata likiandikwa wati 10,000, haliwezi kutoa nguvu hiyo mfululizo, kwani haliwezi kutoa lisichopewa. Watengenezaji wa mashine za gharama, kama Denon, Yamaha na Marantz, huandika hesabu ndogo zaidi, na mara nyingi huongeza sharti kwamba nguvu hiyo ilipimwa wakati njia 2 tu zikiendeshwa. Mnunuzi asiyelisoma sharti hilo hudhani kwamba njia 7 au 9 zote zitapata kiasi hicho kwa wakati mmoja, na huko ni kujidanganya.

Kasoro ya pili ni kwamba sikio halihesabu kama fundi ahesabuvyo. Nguvu ikiongezwa kutoka wati 100 hadi 200, sauti hupanda desibeli 3 tu, nayo ni tofauti ya kiasi. Ili sikio lione kuwa sauti imekuwa maradufu, nguvu huhitaji kuzidishwa kama mara 10. Kwa hiyo asemaye kuwa mashine ya wati 140 ni bora kwa mbali kuliko ya wati 110 hajasikia jambo hilo kwa masikio. Amelisoma kwa macho. Wazee walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na methali hiyo yafaa ibandikwe karibu na kila tangazo la wati.

Kosa la pili ni kuihukumu mashine kwa makosa ya wengine. Lawama moja husikika sana: spika za nyuma hazisemi. Lakini mpango wa sauti uitwao 5.1, ambao ulifika katika majumba ya sinema kwa filamu ya Batman Returns mwaka 1992 chini ya jina la Dolby Digital, una njia 5 kamili na njia 1 ya sauti nene. Njia hizo hujazwa na watengenezaji wa filamu. Filamu au tangazo lililorekodiwa kwa njia 2 halina kitu cha nyuma cha kutolewa, na sehemu kubwa ya muziki wa Kiswahili na wa michezo ya kuigiza imerekodiwa hivyo. Mashine ikiagizwa kuzijaza spika za nyuma itabuni, yaani itachota katika zile njia 2 na kusambaza. Kuna tofauti kubwa kati ya sauti iliyotunzwa na sauti iliyobuniwa, na maoni yasiyoitaja tofauti hiyo huilaumu mashine kwa uaminifu wake, au huisifu kwa uongo wake.

Lawama nyingine ni kwamba maneno ya waigizaji hayasikiki ilhali milipuko yatetemesha ukuta. Hili ni jambo la kweli, lakini chanzo chake aghalabu ni chumba. Katika mpango wa 5.1 maneno huelekezwa zaidi kwenye spika ya katikati. Nyumba nyingi za mjini, Musoma kama kwingineko, zina sakafu ya saruji au vigae, madirisha ya vioo na paa la mabati. Vitu hivyo hurudisha sauti badala ya kuimeza, hata neno la pili likafika kabla mwangwi wa neno la kwanza haujafa. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Mawimbi ya sauti nene yenye mitetemo 80 kwa sekunde yana urefu wa kama mita 4.3, karibu sawa na upana wa sebule ya kawaida. Ndiyo maana spika ya besi ikiwekwa pembeni hunguruma kupita kiasi, na msikilizaji akihamia kiti kingine huona kama amehamia nyumba nyingine. Zulia, pazia zito na kochi la kitambaa huweza kuyaponya maneno kuliko mashine mpya. Mashine za daraja la juu huja na kipokea sauti kidogo cha kupimia chumba, ili ziweze kuchelewesha spika iliyo karibu na kusawazisha iliyo kali. Lakini haziwezi kuyageuza mabati yakawa zulia. Na mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, hapana mashine itakayoshinda.

Kosa la tatu ni la tabia. Aliyelipa fedha nyingi huona vigumu kukiri kwamba hakupata alichokitarajia. Basi husifu bei kwa jina la sauti, na husifu jina la mtengenezaji kwa jina la ubora. Maneno orijino na feki yametawala hukumu hizi hata yakachukua nafasi ya kusikiliza. Si kwamba tofauti hiyo haina maana. Kitu cha bandia huungua upesi, na mnunuzi ana haki ya kuogopa. Lakini orijino yajibu swali la nani aliyetengeneza, wala haijibu swali la namna kitu kinavyolia. Kizuri chajiuza, husema Waswahili. Lakini kizuri hicho hakina budi kusikiwa kwanza kabla ya kujiuza.

Pamoja na makosa hayo, haitakuwa haki kuhukumu kwamba wenye mashine hawana lugha. Lugha wanayo, tena nzuri; ila huiacha nje ya mlango wa duka. Mtu yule yule asemaye tu kwamba mashine inapiga, akiizungumzia ngoma atasema kwamba inarindima. Akizungumzia ziwa wakati wa upepo atasema linavuma. Radi itanguruma, mgonjwa atakoroma, mshipa utapwita, msumari utakwaruza bati. Atajua kuwa sauti ya mwimbaji huweza kuwa nene au nyembamba, nyororo au kavu, ya kifuani au ya puani. Wakurya wa Mara wana litungu, ala ya nyuzi 8 yenye sauti nzito iungurumayo, na wasikilizaji wake hutambua upesi uzito ulio safi na uzito uliovurugika. Sikio lililozoea kutofautisha hivyo halihitaji kufundishwa besi ni nini. Lahitaji tu kukubaliwa kwamba maneno yake ya kawaida yatosha kwa kazi hii.

Na yakitumiwa, faida yake huonekana papo hapo. Besi irindimayo hukoma pale mpigaji alipoikomesha. Besi ikoromayo huendelea baada ya kupigwa na kuufunika mpigo unaofuata. Sauti kavu ni ile iliyokosa sehemu ya chini. Sauti ikwaruzayo ni ile iliyosukumwa kupita uwezo wa spika au wa mashine. Kila neno laeleza dalili, na kila dalili yaelekeza kwenye sababu. Fundi aambiwaye kwamba mashine inakwaruza ikipandishwa atajua pa kuanzia kuchunguza. Fundi aambiwaye kwamba haipigi vizuri hakuambiwa kitu.

Masikio ya Afrika Mashariki hayakuanza leo kuhukumu sauti zilizotoka mashinani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na santuri zake zikasikilizwa na watu ambao hawakupata kumwona. Wasikilizaji hao walilazimika kutofautisha sauti ya mwimbaji na mikwaruzo ya sindano, yaani kutenga kazi ya mtu na kazi ya chombo. Hilo ndilo sharti la kwanza la uhakiki wa mashine za sauti hata sasa, nalo lilitimizwa bila kungojea istilahi yoyote.

Hapa pana somo kwa waundaji wa istilahi pia. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930, na baadaye Chuo cha Uchunguzi mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, juhudi kubwa imetumika katika kuvipa vitu majina. Kazi hiyo yastahili heshima. Lakini jina la kitu ni sehemu rahisi ya lugha. Hata likikopwa, kama spika na sabufa, halimnyimi mtu kitu. Sehemu ngumu ni vitenzi na sifa za kupimia kitu hicho, na hizo hazikopeki kwa urahisi, kwa maana hutoka katika mazoea ya masikio ya watu wenyewe. Kamusi ya ufundi wa sauti yenye nomino 500 na isiyoeleza tofauti ya kuvuma na kukoroma itamwezesha mtu kuagiza mashine, lakini haitamwezesha kuikataa.

Basi maoni ya mwenye mashine yatakuwa na thamani yakijibu maswali machache: kilichezwa nini, katika chumba gani, kwa spika zipi, sauti ilipandishwa kiasi gani, na sikio lilisikia nini kwa neno lake halisi. Yakikosa hayo yatabaki kuwa majivuno ya mali. Yakiwa nayo, mnunuzi wa Mwigobero atajua kama fedha zake zahitajiwa na mashine mpya, au na zulia.